Baridi na Moyo Uliosimama: Historia ya Kupoza Mwili ili Kuokoa Ubongo

Somo la radio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu na asome kwa sauti kwanza, kisha kila mwanafunzi asome sehemu moja.

Kaeni vizuri. Wenye daftari na penseli waziweke karibu, maana leo kutakuwa na hesabu kidogo.

Leo tutaziacha habari za wafalme na mipaka ya nchi, tuzungumze historia ya wazo moja. Wazo lenyewe ni hili: mtu ambaye moyo wake ulisimama, kisha ukaamshwa tena, je, yafaa mwili wake upozwe ili ubongo wake upone? Wazo hili lilianza zamani, likatumika, likaachwa, likarudi kwa shangwe, halafu likatiliwa shaka tena. Ndani ya habari hii mna werevu, mna msiba, tena mna ukatili. Tuifuate taratibu, hatua kwa hatua.

1. Moto ulio ndani ya mwili

Kwanza tujifunze neno moja: umetaboli. Neno hili lisikutishe. Maana yake ni kazi yote inayofanywa na mwili ili kukigeuza chakula kuwa nguvu na joto. Ugali ulioula mchana huvunjwa tumboni ukawa sukari, na sukari hiyo huchukuliwa na damu. Damu hiyo hiyo huchukua oksijeni kutoka mapafuni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo bila yake moto hauwaki na mtu haishi. Mwilini mna vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huitwa chembe hai. Humo ndimo sukari na oksijeni zinamokutana. Hapo nguvu hupatikana, joto hutoka, na hewa chafu hurudishwa mapafuni ili itolewe nje.

Tia mkono wako kwapani. Joto unalolisikia ni la kazi hiyo. Mtu mwenye afya huwa na joto la digrii 37 hivi kwa kipimo cha Selsiasi, mchana na usiku, awe Tanga penye jua kali au Njombe penye baridi.

Sasa tutazame ubongo. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kama sehemu 20 katika kila 100 za oksijeni yote. Ni mlaji mkubwa, na tena hana ghala. Misuli ina akiba yake, na ini lina akiba yake, lakini ubongo karibu hauna kitu. Hungoja riziki yake iletwe na damu kila sekunde. Moyo ukisimama, damu haipandi kichwani, na baada ya sekunde 10 mpaka 20 mtu huzimia. Zikipita dakika 4 au 5 bila msaada, chembe hai za ubongo huanza kuharibika.

Wengi hudhani kwamba moyo ukiisha kuamshwa, hatari imekwisha. Sivyo. Mmepata kuiona mvua kubwa ya kwanza ikishuka juu ya shamba lililokauka? Mvua ndiyo uhai, lakini hiyo ya kwanza huweza kuuchukua udongo wote mpaka mtoni. Damu inaporudi ghafla katika ubongo uliokuwa na njaa ya oksijeni hufanya mfano wa hayo. Madini ya kalsiamu hujaa ndani ya chembe hai, sumu hutengenezwa kwa hiyo oksijeni iliyorudi, na ubongo huweza kuvimba. Uharibifu huu wa pili huendelea kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa.

Basi fikirini taa ya chemni nyumbani usiku. Mafuta yamebaki kidogo na duka limefungwa. Mwenye nyumba hufanya nini? Huushusha utambi. Mwanga hupungua, lakini taa hukaa ikiwaka mpaka alfajiri. Wazo la madaktari lilikuwa hilo: kuushusha utambi wa mwili ili ule haba uliopo utoshe.

2. Fumbo la baridi

Lakini mtu wa Njombe, au wa Lushoto, au wa Limuru, aweza kunipinga hapa. Atasema: "Mwalimu, mwezi wa Julai mimi hutetemeka, meno hugongana, na njaa hunizidi. Baridi hunifanya nile zaidi. Waonaje wasema baridi hupunguza matumizi ya mwili?"

Mtu huyo asema kweli, na swali lake liliwasumbua madaktari kwa miaka mingi. Mwili unapopata baridi hujitetea. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na kazi hiyo huunguza sukari na oksijeni ili kuleta joto. Mtu anayetetemeka sana huweza kutumia oksijeni mara mbili ya desturi yake, au zaidi. Kwa hiyo baridi pekee huupandisha utambi badala ya kuushusha. Liwekeni fumbo hili moyoni. Jibu lake litakuja tutakapofika Kanada.

3. Theluji ya kale

Mganga maarufu wa Wayunani aitwaye Hippocrates, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anasemekana kuwa aliagiza majeruhi wawekewe theluji ili damu isitoke kwa wingi. Baadaye sana, mwaka 1812, jeshi la Napoleon wa Ufaransa lilirudi kutoka Urusi likipita katika baridi kali. Daktari wake mkuu wa upasuaji, Dominique-Jean Larrey, aliona jambo la ajabu. Majeruhi waliolazwa karibu na moto walikufa upesi kuliko wale waliokaa mbali nao. Aliona pia kwamba kiungo kilichopozwa na baridi kilipokatwa, maumivu yalipungua.

Larrey hakuwa na namna ya kupima oksijeni, na umetaboli ulikuwa haujaelezwa vema. Aliona kwa macho tu. Kuona kwa macho ni mwanzo mzuri wa maarifa, lakini ni mwanzo tu.

4. Jaribio la Philadelphia, na aibu ya Dachau

Mwaka 1938, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, daktari wa ubongo Temple Fay alianza kuwapoza wagonjwa wa saratani. Alitumaini kwamba baridi ingeuzuia uvimbe usikue. Aliwapa dawa ya kuwalaza, akawapoza mpaka digrii 32 hivi kwa saa nyingi, kisha akawarudishia joto. Saratani haikuponywa kwa njia hiyo. Lakini Fay alionyesha jambo ambalo wengi hawakulisadiki: mwanadamu aweza kukaa katika joto la chini kwa siku nzima au zaidi, akaamka akiwa hai. Baadaye alitumia njia hiyo kwa watu walioumia kichwani.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na sehemu hii ya historia ni nzito. Katika kambi ya wafungwa ya Dachau, Ujerumani, mwaka 1942 na 1943, madaktari wa utawala wa Wanazi waliwatia wafungwa katika maji ya barafu ili waone mtu huchukua muda gani kufa, na jinsi ya kumrudishia joto. Wafungwa hao hawakuulizwa wala hawakukubali. Wengi walikufa humo majini, wakiangaliwa na watu walioapa kuponya.

Vita ilipokwisha, madaktari wa namna hiyo walishtakiwa katika mji wa Nuremberg. Mwaka 1947 mahakama ilitoa hukumu, na pamoja na hukumu ikaweka kanuni. Ya kwanza ni kwamba hakuna mtu atakayefanyiwa jaribio la kiganga bila kuridhia mwenyewe kwa hiari, akiwa amelielewa jambo lenyewe. Kila mmoja wetu alishike jambo hilo. Ukiambiwa hospitali kwamba kuna utafiti, unayo haki ya kuuliza, unayo haki ya kukataa, na ukikataa hupotezi haki yako ya kutibiwa. Mtu ajuaye kusoma na asiitie sahihi karatasi kabla ya kuisoma.

5. Jibu la fumbo latoka Kanada

Sasa tufike Toronto, Kanada. Huko alikuwako daktari wa upasuaji aitwaye Wilfred Bigelow. Katika nchi hiyo kuna mnyama mdogo aishiye shimoni ambaye hulala usingizi majira yote ya baridi. Joto la mwili wake hushuka sana, moyo wake hupiga polepole mno, naye hali kitu. Majira ya joto yakirudi huamka mzima. Bigelow alijiuliza: mnyama huyu hafi kwa baridi wala hachoki kwa kutetemeka, kwa nini?

Alifanya majaribio kwa mbwa waliopewa dawa ya usingizi, na mwaka 1950 akatangaza jibu. Ndani ya ubongo kuna kama mlinzi wa joto. Joto likishuka, mlinzi huyo huamrisha misuli itetemeke. Mlinzi akilazwa vema kwa dawa ya usingizi, misuli hutulia. Hapo baridi haiwashi moto tena. Kila digrii inayoshuka, matumizi ya oksijeni hushuka pamoja nayo.

Sasa shikeni penseli. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa wanyama vilionyesha kwamba kila digrii 1 inayoshuka hupunguza matumizi ya oksijeni ya ubongo kwa kiasi cha sehemu 6 au 7 katika kila 100. Tukimpoza mtu kutoka digrii 37 mpaka 33, tumeshusha digrii ngapi? Digrii 4. Basi matumizi ya ubongo yamepungua kwa karibu robo. Kama ubongo ulikuwa ukitumia vibaba vinne, sasa watumia vitatu hivi. Huko ndiko kuushusha utambi.

Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, daktari F. John Lewis na wenzake walimpasua mtoto wa kike wa miaka 5 aliyezaliwa na tundu katika moyo. Walimlaza kwa dawa, wakampoza mpaka digrii 28 hivi, wakaizuia damu isiingie moyoni kwa dakika 5 na nusu, wakaufungua moyo na kulishona tundu. Mtoto alipona. Bila baridi, dakika hizo zingeutia ubongo wake hatarini.

Angalieni hapa jambo moja kubwa: mtoto huyu alipozwa kabla damu haijazuiwa. Utambi ulishushwa mafuta yakali yapo. Tutarudi kwenye jambo hili.

6. Baridi baada ya moyo kuamka

Kama baridi yasaidia kabla, je, yasaidia baadaye pia? Katika hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, madaktari walijaribu. Siku zile moyo ukisimama wakati wa upasuaji, daktari alikipasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono wake. Mwaka 1959 walitoa hesabu ya wagonjwa ambao mioyo yao iliamshwa lakini ubongo ulikuwa umedhurika. Kati ya 12 waliopozwa, 6 walipona. Kati ya 7 ambao hawakupozwa, alipona 1 tu.

Hesabu hiyo yavutia sana. Lakini jiulizeni: watu 19 wanatosha? Hawakugawanywa kwa kura. Pengine wale waliopozwa walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo. Mkulima akipanda mbegu mpya katika miraba miwili tu ya shamba, moja bondeni na moja mlimani, hawezi kujua kama mavuno yameletwa na mbegu au na udongo.

Mwaka 1960, katika hospitali hiyo hiyo, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walitangaza kwamba moyo waweza kusukumwa bila kukipasua kifua, kwa kukikandamiza kifua kwa mikono miwili. Ugunduzi huo ulieneza uokoaji duniani kote. Mioyo mingi zaidi iliamshwa, lakini watu wengi miongoni mwa hao waliendelea kulala bila fahamu.

Mmoja aliyelihuzunikia jambo hili alikuwa daktari Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani. Huyu ndiye aliyeonyesha kwamba kumpulizia mgonjwa pumzi kinywani kwafaa. Mwaka 1964 alipoandika hatua za uokoaji, aliitia baridi ndani yake: ikiwa mgonjwa haonyeshi dalili ya kuamka, apozwe upesi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, binti yake mwenyewe alishikwa na pumu kali. Moyo wake uliamshwa, lakini ubongo haukurudi, akafa. Safar aliendelea kufanya kazi miaka mingi, akitafuta namna ya kuuokoa ubongo.

7. Kwa nini baridi iliachwa

Hata hivyo, baada ya miaka ile ya 1960 madaktari wengi waliiacha baridi. Sababu zake ni muhimu, maana zinatuonyesha jinsi umetaboli wa mwili mzima unavyoguswa. Ukiushusha utambi wa taa moja, taa za jirani haziguswi. Mwili hauko hivyo. Mtu mzima hupozwa wote pamoja.

Kwanza, sukari. Mtu aliyepozwa hutoa insulini kidogo, na hiyo kidogo haifanyi kazi vizuri. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango wa kuingia katika chembe hai. Basi sukari hubaki ndani ya damu na kupanda, kama kwa mgonjwa wa kisukari.

Pili, chumvi za damu. Mwili ukipoa, potasiamu huingia ndani ya chembe hai na kupungua katika damu. Figo nazo hutoa mkojo mwingi, na chumvi nyingine hupotea humo. Mgonjwa akirudishiwa joto, potasiamu hutoka tena. Ikitoka kwa haraka huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha mara ya pili. Ndiyo sababu joto hurudishwa polepole, kwa robo mpaka nusu ya digrii kwa saa.

Tatu, dawa. Ini likipoa hufanya kazi polepole, na dawa ya usingizi hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Daktari aweza kudhani ubongo umekufa, kumbe ni dawa tu ambayo haijaisha.

Nne, hewa. Kwa kuwa moto umepungua, hewa chafu itolewayo na mwili hupungua pia. Mashine ya kupumulia isiporekebishwa, hewa hiyo hutolewa kupita kiasi, na mishipa ya ubongo hujibana. Hapo damu hupungua katika ubongo ule ule unaotafutwa kuokolewa.

Tano, ulinzi wa mwili. Chembe zinazopigana na vijidudu hulegea, na homa ya mapafu huingia. Damu hushindwa kuganda vizuri. Na joto likishuka chini ya digrii 30 hivi, moyo wenyewe huweza kupoteza mpigo wake.

Miaka ile wagonjwa wengine walipozwa mpaka digrii 30, pengine chini yake, na vyombo vya kuwaangalia saa zote vilikuwa vichache. Madhara yakaushinda msaada, na wazo likawekwa kabatini.

8. Baridi yarudi

Mwaka 1987, watafiti wa Miami waliofanya majaribio kwa panya waliona kwamba tofauti ya digrii chache tu katika joto la ubongo yatosha kuamua kama chembe hai zitakufa au zitapona. Badiliko la umetaboli kwa digrii hizo chache ni dogo mno kuweza kueleza wokovu mkubwa namna hiyo. Ilionekana kwamba baridi kidogo huzuia pia zile sumu za uharibifu wa pili. Huko Pittsburgh, Safar na wenzake nao walipata matokeo mema kwa mbwa waliopozwa kidogo tu. Basi haikuwa lazima kwenda mpaka digrii 30.

Mwezi Mei 1999, huko Norwei, daktari kijana wa Uswidi aliteleza akicheza juu ya theluji, akanaswa chini ya barafu ya mto kwa dakika 80. Joto lake lilishuka mpaka digrii 13.7 na moyo wake ukasimama. Hospitali ya Tromsø ilimrudishia joto kwa mashine, naye akapona, akarudi kazini. Dunia ilistaajabu.

Mwaka 2002 yalitangazwa majaribio mawili ambayo safari hii yaliwagawanya wagonjwa vizuri zaidi. La Ulaya, lililoongozwa kutoka Vienna, lilikuwa na wagonjwa 275. Waliopozwa kati ya digrii 32 na 34 kwa saa 24, sehemu 55 katika kila 100 walipona wakiwa na akili zao. Wasiopozwa walikuwa 39 katika kila 100. Huko Melbourne, Australia, daktari Stephen Bernard alikuwa na wagonjwa 77, naye alipata 49 katika kila 100 kwa 26. Mwaka uliofuata wataalamu wa kimataifa walishauri wagonjwa wa namna hiyo wapozwe. Barafu ikaingia hospitalini tena.

9. Kipimo kikubwa zaidi

Lakini wako waliouliza swali jema. Katika jaribio la Ulaya, wale wasiopozwa waliachwa tu, na wengi wao walipanda joto. Je, waliopozwa walisaidiwa na baridi, au wenzao walidhuriwa na homa?

Daktari Niklas Nielsen wa Uswidi na wenzake waliamua kupima. Mwaka 2013 walitangaza habari za wagonjwa 939. Nusu waliwekwa katika digrii 33, nusu katika digrii 36. Katika kila 100, walikufa 50 upande mmoja na 48 upande wa pili. Tofauti hiyo si kitu. Mwaka 2021 wakaleta jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 1,850. Kundi moja lilipozwa mpaka digrii 33, la pili lilizuiwa tu lisipate homa. Tena wakafa 50 kwa 48 katika kila 100. Tena wale waliopozwa walipata zaidi taabu ya mapigo ya moyo kwenda ovyo.

Katikati yake, mwaka 2019, jaribio moja la Ufaransa lilifanywa kwa wagonjwa ambao mioyo yao isingeweza kuamshwa kwa mshtuko wa umeme. Waliopozwa walipona na akili zao 10 katika kila 100, na wenzao karibu 6. Kwa hiyo ubishi haujafungwa kabisa, na ziko hospitali ambazo bado huwapoza wagonjwa fulani. Lakini jambo moja wamekubaliana wote: mgonjwa huyo asiachwe apate homa. Kila digrii ya homa huupandisha utambi wakati mafuta ni haba.

Sasa rudini kwa yule mtoto wa Minnesota na yule daktari wa Norwei. Mtoto alipozwa kabla ya damu kuzuiwa. Yule daktari alikuwa na mahali penye hewa chini ya barafu, akaendelea kupumua kwa kitambo, na mwili wake ukapoa kwanza, kisha moyo ukasimama. Wote wawili, baridi iliitangulia njaa ya ubongo. Mgonjwa aliyeanguka sokoni ni kinyume chake. Ubongo wake umekwisha kukosa riziki ukiwa na joto kamili, na baridi humfikia saa kadhaa baadaye. Kuushusha utambi kwafaa sana mafuta yakiwapo. Taa ikiisha kuzimika na kioo kupasuka, utambi hausaidii sana. Baridi ile ile moja huwa na nguvu au huwa dhaifu kwa sababu ya saa inapofika.

10. Haya yatuhusu nini sisi?

Ndugu zangu, mtu akianguka mbele yenu, haamki akiitwa, wala hapumui sawasawa, msimwagie maji ya baridi wala kumwekea barafu. Mtakuwa mnapoteza zile dakika 4. Piteni ukelele wa kuita watu na kutafuta gari au msaada wa hospitali. Papo hapo mmoja apige magoti kando yake, aweke kiganja kimoja katikati ya kifua na cha pili juu yake, akandamize kwa nguvu na upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimeta 5 hivi kwa mtu mzima. Akichoka, mwingine ashike zamu. Mikono hiyo inapeleka mafuta kwenye taa kabla haijazimika, na hakuna mashine ya kupoza inayoweza kuirudisha saa iliyokwisha kupita.

Na fundisho la historia ni lipi? Hesabu ya mwaka 1959 ilikuwa ya watu 19. Ya mwaka 2021 ilikuwa ya watu 1,850. Wale wa kwanza hawakuwa wajinga, wala wa mwisho hawakuwa na akili kuliko wao. Walikuwa na kipimo kirefu zaidi, na walikuwa tayari kukubali jibu hata lilipowanyang'anya tumaini walilolipenda. Mtu akikuletea dawa na kusema imewaponya watu wengi, muulize: walikuwa wangapi, na wale ambao hawakuitumia walikuwaje?

Hapo ndipo tunapokomea leo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kukumbuka

Umetaboli: kazi ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nguvu na joto.
Oksijeni: sehemu ya hewa ambayo mwili huitumia kuunguza chakula.
Chembe hai: kijumba kidogo kabisa cha mwili.
Insulini: kitu kinachotolewa na kongosho ili sukari iingie katika chembe hai.
Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelewa.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kwa nini ubongo hudhurika upesi kuliko misuli moyo unaposimama?
2. Baridi humfanya mtu mzima mwenye afya atumie nguvu zaidi. Ni nini kilichofanywa na madaktari ili baridi ipunguze matumizi hayo?
3. Mgonjwa amepozwa kutoka digrii 37 mpaka 34. Ikiwa kila digrii hupunguza matumizi ya ubongo kwa sehemu 6 hivi katika 100, yamepungua kwa kiasi gani?
4. Kwa nini mgonjwa aliyepozwa hurudishiwa joto polepole?
5. Elezeni tofauti ya baridi inayotangulia na baridi inayofuata. Toeni mfano mmoja mmoja kutoka katika somo.
6. Kila mwanafunzi na amwonyeshe jirani yake, juu ya mto au gunia lililojazwa majani, jinsi ya kukandamiza kifua.